Mgeni wa Jukwaa la Zabibu

Jukwaa lile nililianzisha kwa hasira. Nilikuwa kwenye grupu la simu la wakulima wa zabibu, grupu kubwa, na kila asubuhi nikifungua simu nilikutana na picha za maua zenye maneno ya kututakia siku njema, nyimbo za kwaya, na bwana mmoja aliyekuwa akituuzia magodoro. Zabibu zenyewe hazikutajwa. Nilikuwa na eka moja na nusu ya mizabibu nje kidogo ya Nzuguni, hapa Dodoma, niliipanda kwa mbwembwe baada ya kuona jirani anavuna, na sasa ilikuwa inanishinda. Maswali nilikuwa nayo kibao. Kuuliza mle ndani ndiko kulikonishinda, na nilijua wenzangu wengi walishindwa kwa sababu ileile: ukiandika, namba yako inaonekana, na jina lako, na picha yako umevaa suti. Mle ndani alikuwemo bosi wangu, fundi wangu wa gari na mzee wa kanisa. Nani angesimama mbele ya kadamnasi hiyo kusema kwamba hajui kupogoa?

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi moja pale mjini, yaani nawaambia watu wazizime kisha waziwashe tena. Ujuzi huo ulinitosha. Jumamosi moja nilikaa mezani nyumbani kwetu Ipagala, nikamwambia mke wangu nisisumbuliwe, na kufika saa kumi jioni nilikuwa nimefungua jukwaa la mtandaoni la zabibu. Sheria yake ya kwanza niliiandika kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA KUJISAJILI. Unaingia, unauliza, unajibiwa, unatoka. Kulikuwa na kisanduku cha kuandika jina, lakini ukikiacha wazi mtambo ulikuandika "Mgeni" na mambo yakaendelea. Mimi peke yangu nilikuwa na jina la kudumu, "Msimamizi", na pale juu kabisa nilijitambulisha kwa jina langu halisi na mtaa wangu, maana niliona si vizuri mwenyeji naye afiche sura.

Watu walimiminika. Wiki ya kwanza tu, mgeni mmoja alianza kwa salamu ya Kigogo, akaandika: "Mbukwenyi. Nimelima zabibu miaka saba. Naomba kufahamishwa, baada ya kuvuna ni lazima kupogoa, au mzabibu unajipanga wenyewe?" Miaka saba! Tulicheka, kisha tukamweleza vizuri, naye akashukuru. Mwingine alikiri kwamba alikata shamba zima usawa wa goti akidhani ndiyo kilimo cha kisasa. Mwingine alikuwa akimwagilia majani kwa miaka miwili akishangaa ukungu unatoka wapi. Nilikuwa nikiyasoma maswali hayo nikiona raha kabisa, kwa sababu mengine yalikuwa ya kwangu.

Rafiki yangu mkubwa ni Mrangi kutoka Kondoa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Makole, na yeye pia ana shamba la zabibu. Hakulipenda jukwaa tangu mwanzo, ingawa alikuwa akiingia kila siku.

"Umejenga nyumba haina mlango," aliniambia. "Siku moja ataingia mbuzi."

"Akiingia atauliza kuhusu majani," nikamjibu. "Tutamjibu."

Alitikisa kichwa na kuendelea kuhesabu misumari ya mteja.

Wageni wengi waliuliza mara moja wakapotea. Kulikuwa na mmoja aliyekaa, naye tulimtambua kwa uandishi wake tu. Sentensi zake zilikuwa kamili, koma mahali pake, na kila ujumbe aliuanza na habari za hewa ya kwao: huku upepo umetulia, huku kuna mawingu ya bure. Aliingia kwangu siku nilipoweka picha ya shamba langu. Nilikuwa nimeipiga kwa ufahari, jua likiwa upande mzuri.

"Huku upepo umetulia," aliandika. "Msimamizi, picha yako nimeitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa natafuta mzabibu uliopogolewa. Kama upo, tafadhali uwekee mshale."

Damu ilinipanda. Nilimjibu papo hapo kwamba mtu akifika kwa watu haanzi kukagua vyungu. Akajibu: "Vyungu umeviweka nje, nifumbe macho?" Nikacheka peke yangu ofisini mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Huo ulikuwa mwanzo wa mwaka mzima. Mgeni alinifundisha kwamba tawi huachiwa macho mawili tu, yaani vichipukizi, si kumi kama nilivyokuwa nikiacha kwa huruma. Alinifundisha kupuliza salfa ya kuzuia ukungu asubuhi mapema kabla upepo wa Dodoma haujaamka. Alinikataza kufunga mashina kwa kamba, eti kamba inakata gome. Yeye alifunga kwa soksi kuukuu, kwa kuwa soksi inavutika mti unaponenepa. Mimi nilibisha kila kitu, kisha nikaenda shambani Jumamosi kufanya alichosema. Nilimchukulia kuwa bwana fulani mstaafu, mpweke kidogo, mwenye miwani. Nilimwita "mzee mkaidi". Yeye aliniita "karani". Mizabibu yangu ilizaa vichala ambavyo sikuwahi kuviona isipokuwa kwa jirani, na nilipoweka picha, Mgeni aliandika tu kwamba sasa mshale hauhitajiki. Nilitembea na sentensi hiyo wiki nzima.

Saa ya chakula cha mchana ilikuwa ndiyo saa yetu. Nilikaa na sahani yangu ya ugali na mlenda, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, nikisoma. Jukwaani kulikuwa na kona ya mazungumzo ya kawaida ambayo wengine hawakuijali, tukaizoea sisi wawili. Na kama inavyotokea ukizungumza na mtu usiyemjua, nilianza kumweleza mambo yasiyo ya zabibu. Ndipo nikamtaja mama mkwe wangu.

Hapa inabidi nieleze. Kwetu sisi Wagogo, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni, na utani ndiyo usiseme. Nilikuwa na miaka tisa ya ndoa na sikuwahi kuzungumza na mama yule moja kwa moja hata mara moja. Akipita uani mimi nageukia ukuta, naye anavuta kanga usoni na kuharakisha. Akiwa na neno kwangu, analisema kwa mke wangu ambaye amesimama katikati yetu: "Mwambie mwenzio chakula kipo tayari." Mimi nimesikia kila kitu, lakini nasubiri nitafsiriwe kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili. Najibu, jibu linatafsiriwa kurudi. Heshima hiyo nimelelewa nayo na sina ugomvi nayo. Ila moyoni nilikuwa nimeshaamini kwamba kwa upande wake kuna zaidi ya heshima: kwamba hanipendi. Siku ya kwanza kabisa kufika kwao niliegemea uzio wa banda la kuku, uzio ukaanguka nami juu yake, na kuku wakasambaa kijiji kizima. Nilihesabu kwamba mwalimu mstaafu kama yeye alishanipa alama zangu siku ileile.

Basi mchana mmoja nilimwandikia Mgeni: "Mzee, wewe ni mtu mzima, nisaidie. Mwezi ujao nakwenda ukweni. Nimpelekee nini mama mkwe asiyenipenda? Kanga nimepeleka mpaka nahisi amefungua duka."

Jibu halikuja siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu likaja. "Huku kuna mawingu lakini hayana mvua. Kanga ziache zipumzike. Mpelekee mkasi wa kupogolea, ule wenye springi, mpini mwekundu. Na nani kakuambia hakupendi? Labda anaogopa kucheka mbele yako."

"Mama mkwe wangu hajui kucheka," nikaandika.

"Haya, sawa," akajibu Mgeni.

Mbuzi wa rafiki yangu aliingia muda mfupi baadaye. Mgeni mwingine kabisa, asiye na jina wala salamu, alitangaza jukwaani dawa ya ukungu inayomaliza tatizo kwa siku tatu. Aliweka namba ya simu. Rafiki yangu, aliyenionya miezi yote ile, ndiye aliyempigia. Walikutana stendi, akakabidhiwa chupa zisizo na lebo, akaenda kupuliza shamba lote. Baada ya wiki majani yalikuwa yamekunjamana na vichala vinapukutika. Alikuja nyumbani kwangu Jumapili mchana akiwa na tawi moja, akaliweka mezani katikati ya bakuli za mboga.

"Haya," akasema. "Nimwendee nani? Ile namba imekufa. Jukwaani kumeandikwa Mgeni. Mgeni yupi?"

Mke wangu alimwekea kiti. Mimi nililichukua tawi nikaligeuza. Tawi lile lilikuwa limeungua kama lililopitishwa motoni, na mwenye tawi alikuwa mtu aliyenisindikiza kwenye harusi yangu.

Habari ikaenea na jukwaa likawaka. Karibu wote walitaka jambo moja: kila mtu ajisajili kwa jina, namba ya simu na kata anayokaa, asiyetaka aondoke. Niliona wana haki. Pia niliona kwamba yule bwana wa miaka saba asingeuliza kamwe. Nikawa nafuta na kuandika, nafuta na kuandika, ndipo Mgeni wetu alipoingia.

"Huku upepo ni mkali. Wanaodai majina wana haki, na yule muuza dawa ametuaibisha wageni wote. Lakini mimi jina langu siwezi kulitoa, kwa sababu ambayo haina ubaya kwa mtu yeyote. Mkifunga mlango, nashukuru kwa mwaka mmoja wa mazungumzo. Nitaendelea na mizabibu yangu."

Nilisoma mara tatu na mlenda ukapoa. Jambo lilikuwa wazi mno kwangu. Nikidai majina, nampoteza mtu niliyekuwa nikingoja saa saba mchana kwa ajili yake. Nisipodai, rafiki yangu anabaki na shamba lililoungua na mwenyeji asiyejali. Nikafanya wanavyofanya viongozi wote waliobanwa, nikaitisha mkutano baada ya wiki mbili.

Katikati ya wiki hizo mbili ndiyo ilikuwepo safari ya ukweni, upande wa Hombolo. Nilikuwa na mkasi wangu, wa springi, mpini mwekundu, nimeutafuta mji mzima. Tulipokelewa na baba mkwe, mzee mchangamfu anayesikia nusu ya unachosema na kufurahia yote. Mimi nilikaa naye barazani, mke wangu akaingia jikoni na zawadi. Kisha nikasikia kicheko. Kilikuwa kicheko kikubwa cha mwanamke mtu mzima, kile cha kushika mbavu, na kilitoka jikoni mle alimokuwamo mama mkwe wangu.

"Mwambie asante," sauti yake ikasema. "Mwambie mpini ni mwekundu kweli."

Niliona ni shukrani ya namna yake. Baba mkwe akainuka, akanishika mkono. "Twende nikuonyeshe shamba la mama yenu, maadamu yuko jikoni." Shamba hilo sikuwahi kulikanyaga, kwa kuwa kukutana naye kati ya mistari ya mizabibu kungekuwa balaa. Tukazunguka nyuma ya nyumba.

Kila shina lilikuwa limefungwa kwenye nguzo kwa soksi. Soksi ndefu za shule, nyeupe zilizofubaa, nyingine zikiwa bado na mistari ya bluu juu. Mistari na mistari ya soksi, na kila tawi limeachwa macho mawili.

"Wanafunzi wake wa zamani wanamletea soksi za watoto wao," baba mkwe akasema. "Na siku hizi amepata na simu, ndiyo kabisa. Kila mchana yuko nayo. Anasema anamfundisha zabibu karani mmoja wa mjini. Kichwa kigumu, anasema, lakini sasa ameanza kuelewa."

Nilishika nguzo. Masikio yalikuwa ya moto. Nilianza kuyahesabu moja moja niliyomwandikia mama mkwe wangu kwa mwaka mzima. Nilimwita mkaidi. Nilimwambia akanywe uji alale. Nilimwambia mama mkwe wangu kwamba mama mkwe wangu hajui kucheka! Baba mkwe aliniuliza kama jua limenizidi, nikamwambia ndiyo.

Njiani kurudi, ndani ya gari la kuazima, nilimweleza mke wangu kwa sauti ya mtu anayeungama. Alicheka mpaka akaniomba nisimamishe gari.

"Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyemfungulia jukwaa kwenye simu. Nilimwambia, mama, mume wangu ameanzisha kitu cha zabibu. Na wewe umeandika jina lako pale juu na mtaa wako. Alijua ni wewe tangu siku ya ile picha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeandika?"

Nisingeandika hata herufi moja. Na yeye asingeandika kama ningejua. Mila ilimkataza kuzungumza na mkwewe, na haikuwahi kusema lolote kuhusu mgeni kuzungumza na karani. Mama yule alikuwa amekaa karibu na mimi mwaka mzima kwa njia pekee aliyoipata, na mimi nilikuwa nikiamini ananichukia. Niliendesha gari nikiwa na haya usoni na furaha kifuani, na sikujua niiweke wapi furaha ile.

Jumatatu saa saba nilifungua simu. Alikuwa ameshaandika: "Huku upepo umetulia. Karani, umerudi salama kwenye safari yako?"

Vidole viligoma. Nilianza sentensi nne. Mwishowe nikaandika: "Shikamoo. Nimerudi salama, nashukuru sana kwa kuniulizia." Mwaka mzima sikuwahi kumwamkia Mgeni. Jibu lilichelewa. "Naona leo unaandika kama barua ya ofisi," akasema. Nikaandika "Samahani", na siku hiyo hatukuongeza neno. Kesho yake hakuja, na keshokutwa pia. Hakuna aliyekuwa amemdai jina bado. Mimi kulijua tu kulitosha kuharibu mambo, na nilijikasirikia vibaya sana.

Mkutano tuliufanyia kwenye darasa tulilopewa Ipagala. Watu wazima thelathini na kitu tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu, tukitazamana kwa mara ya kwanza na kubahatisha nani ni nani. Rafiki yangu alisema kwanza, kwa utulivu, na tawi lake akalizungusha watu walishike. Nikafuata mimi. Kwa kawaida maneno hayanipigi chenga, lakini siku ile nilibabaika kwa sababu jambo kubwa nililokuwa nalo sikuweza kulisema.

"Msimamizi," mama mmoja akasema, "unatetea nini hasa? Sema."

Nikasema kwamba jina linamfanya mtu anyamaze. Nikawakumbusha aliyelima miaka saba bila kujua kupogoa, nikawauliza kama yule angeuliza mbele yetu. Kukawa na minong'ono. Halafu kutoka nyuma mkono ukainuka, mkono wa mtu mwenye koti na kalamu mfukoni.

"Ni mimi," akasema. "Na msimamizi anasema kweli. Nisingeuliza. Mimi ndiye ninayewapa wenzangu semina."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko na makofi, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Nilimheshimu mtu yule kuliko wote siku ile.

Rafiki yangu alingoja watulie. Ni mtu wa haki, hata akiwa ameumia. "Sikilizeni," akasema. "Mimi sina haja na jina la mtu wala namba yake. Haja yangu ni kwamba nikiunguzwa, nijue mlango wa kugonga. Mtu akitaka kuoa haendi mwenyewe kwa wazee wa watu akajieleza. Analetwa na mshenga, na mshenga anajulikana. Basi na mgeni wa jukwaa aje na mshenga, yaani mwenzetu mmoja anayemfahamu. Mbele yetu ajiite anavyotaka. Jina lake la kweli alijue mshenga wake tu. Akituuzia sumu, tunakwenda kwa mshenga."

Wakapiga makofi tena. Nilitafuta kasoro sikuiona. Lilikuwa wazo zuri kuliko langu na kuliko lao, na niliunga mkono kwa mikono yote miwili ingawa nilijua linamfungia nje mtu mmoja. Mgeni angemwomba nani? Angelazimika kumwambia mwanachama fulani kwamba yeye ndiye mwalimu mstaafu anayemtania mkwewe mchana kweupe, na siku ya pili Hombolo nzima ingejua.

Jumapili niliitengeneza fomu. Jina lako la kweli. Jina la jukwaani. Mshenga wako ni nani. Anakufahamuje. Ikishajazwa, inamfikia mshenga, na chini yake kuna swali moja: Je, unamfahamu mtu huyu? Ndiyo au Hapana. Jumatatu mlango ukafungwa.

Fomu zilikuja kwa fujo. Rafiki yangu peke yake aliwadhamini watu sita na kuwakataa wawili, akijisikia kama afisa wa uhamiaji. Jumatatu ikapita, Jumanne, Jumatano. Nilikula chakula changu cha mchana nikitazama ukuta. Nyumbani nilimfokea mke wangu kwa sababu ya chumvi ambayo haikuwa na kosa.

"Si umwandikie," akasema.

"Nimwandikie nani? Mama yako?"

Hata yeye aliona lisivyowezekana. Kama mimi ndiye ningeanza, ningekuwa nimemvunjia heshima mbele ya binti yake. Aliyeweza kuanza alikuwa yeye tu.

Alhamisi saa saba na dakika chache simu ililia. Fomu mpya, na mshenga aliyeandikwa ni Msimamizi. Nikaifungua nikidhani ni mfanyakazi mwenzangu. Kwenye jina la kweli palikuwa na majina matatu ya mama mkwe wangu, herufi kubwa mahali pake. Jina la jukwaani: Mgeni. Na pale penye "Anakufahamuje" alikuwa ameandika hivi:

"Ni mkwe wangu. Nilimficha jina mwaka mzima ili niweze kuzungumza naye. Siku hizi ananiamkia, kwa hiyo najua amejua. Nimemuuliza mume wangu, amesema hajaona mila inapovunjika kama kila mtu yuko nyumbani kwake. Ila anayetakiwa kuamua ni mkwe mwenyewe. Akiona ni vibaya, abonyeze Hapana, wala sitamchukia. Akiona si vibaya, arudi kubishana nami kama zamani, kwa sababu nyumba imekuwa kimya."

Chini yake lilikuwa lile swali nililoliandika mwenyewe Jumapili, bila kuwaza kwamba litanirudia. Je, unamfahamu mtu huyu? Nilikaa nalo. Sura yake nisingeweza kuichora. Miaka tisa nilikuwa nimeona kanga yake na visigino vyake. Lakini nilijua anavyonyamaza siku tatu akiguswa, nilijua asivyopenda kusifu, nilijua kicheko chake kilivyo, na kwamba nyumba ikiwa kimya anaona upweke na hasemi. Machozi yalinilenga pale pale mbele ya sahani, na sikuona aibu.

Nikabonyeza Ndiyo. Mtambo ukauliza kama mshenga ana neno la kumkaribisha aliyemleta, nikaandika, "Mama, karibu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mwenyewe, bila mtu wa kunifikishia.